Mwenye Ordre Aje Mwenyewe

Kila Jumatatu asubuhi Tribunali ya Malalamiko ya Afya ilikaa katika ghala la zamani la kahawa huko Shari, mjini Bunia. Kabla ya kuingia, mtu alinawa mikono kwa maji ya dawa, akaelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, akaambiwa akae kwenye benchi na asimguse jirani yake. Benchi lilikuwa la kanisa tena fupi, kwa hiyo watu waligusana. Hakuna aliyelalamika juu ya hilo, maana kila mmoja alikuwa amekuja na lalamiko lake la kumtosha.

Faida alikuja na beseni la makayabo, samaki wa chumvi, kwa sababu kutoka hapo angepitiliza sokoni. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na mabega ya kubeba. Samaki wake aliwachukua Kasenyi, chini ziwani, na siku watu wa usafi walipopita Rwambuzi, mtaani kwake, alikuwa huko huko Kasenyi, akibishana na mvuvi juu ya samaki mwenye jicho bovu. Aliporudi alikuta mlango wake umefungwa kwa mnyororo, mnyororo umepigwa muhuri, na pembeni amesimama polisi mmoja, Delphin, bunduki begani. Ndani, dirishani, alisimama mume wake Gustave, fundi cherehani, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Dirisha lilikuwa na nondo na wavu wa mbu, na wavu nao ulikuwa umepigwa muhuri.

Gustave alikuwa na homa siku hiyo. Baadaye homa ikaondoka. Nesi alikuja akamtazama kwa dirishani, akarudi tena akamtazama, akasema mtu huyu amepona, hata harusi anaweza kufunga. Mnyororo ukabaki. Mkate, maji na unga vilipitishwa juu, kwenye nafasi kati ya ukuta na mabati, kwa kijiti kirefu kilichotolewa na Serikali. Kuingia viliruhusiwa. Kutoka, hapana, hata uzi.

Faida alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kumshika mume wake. Walikuwa wameoana tangu kabla ya vita, walikuwa wamemwoza binti yao Claire kule Mahagi, na hawakuwahi kukaa muda mrefu hivi bila mmoja kumwekea mwenzake mkono. Jambo hilo lilimuuma kama jino, na hakulificha.

Angèle, karani, aliita jina lake. Faida akasimama mbele ya meza. Rais wa tribunali aliitwa Théodore, mtu wa Butembo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alisoma amri ya kufunga, ile ordre, mara mbili, taratibu, kwa sababu hakupenda kumkosea mtu.

"Mama, weye njo mwenye ordre?"

Faida alijibu kwamba yeye ni mke wa Gustave. Théodore akasema Gustave hayumo katika amri. Amri haikumfunga Gustave wala haikumfunga Faida. Ilifunga nyumba ya Rwambuzi, na kama Gustave alikuwa ndani, basi hiyo ilikuwa habari kati yake na nyumba. Nesi anaweza kusema mtu amepona, lakini nesi hana mamlaka ya kusema nyumba imepona. Na sheria ya malalamiko ilikuwa wazi: anayelalamika ni yule ambaye amri imetolewa juu yake.

"Mwenye ordre akuye mwenyewe," alisema Théodore, kwa sauti ya kumhurumia.

Faida aliinua beseni lake, akaenda sokoni, akauza samaki. Hakuona ugumu wowote katika maneno hayo. Jioni alirudi Rwambuzi, akamsalimia Delphin, akamweleza Gustave kwa dirishani mambo yalivyokwenda. Gustave alifikiri, akavuta utepe wake huku na huku.

"Iambie," alisema. "Inakusikilizaka weye zaidi."

Faida akazunguka upande wa nyuma, ule wa kivuli, akaegemeza mgongo ukutani kama alivyozoea, akaiambia nyumba kwamba inatakiwa Shari siku ya Jumatatu.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, imepakwa chokaa, yenye vyumba viwili. Haikuwa ngeni na safari. Mara ya kwanza vita ilipofika Rwambuzi, Gustave aling'oa mabati akayabeba kichwani mpaka Kasenyi, na Faida akabeba mlango. Waliporudi walikuta kuta zimevunjwa, wakazisimamisha upya. Vita ikarudi, mabati yakakimbia tena, kuta zikavunjwa tena. Kwa hiyo mabati yale yaliijua barabara kuliko madereva wengi, na mlango ulikuwa umekwisha kuona ziwa. Tangu amani ije, kwa jinsi ilivyokuja, ikichungulia kwanza kama mtu anayedaiwa, nyumba ilikuwa imetulia mahali pamoja. Lakini mazoea hayasahauliki.

Jumatatu nyumba iliamka mapema. Iling'oa miti yake ya pembeni mmoja mmoja, ikainuka kama mama mjamzito anavyoinuka mkekani, ikashika njia. Ndani Gustave alikumbatia cherehani isianguke. Delphin alikuwa ameamriwa asiachane na mlango, na hakuachana nao. Alitembea ubavuni mwake, na penye mashimo alishika mnyororo kwa mkono ili usipige kelele, maana watu wengine walikuwa bado wamelala. Faida alitangulia mbele na beseni.

Kwenye kizuizi askari walishusha kamba. Waliuliza nyumba inatoka wapi na inakwenda wapi. Delphin akasema ni ya tribunali. Askari mmoja alitaka kuona kitambulisho, mwenzake akamwambia aache, nyumba haipigi kura. Wakainua kamba juu sana, kwa sababu ya paa.

Huko Shari nyumba ilisimama kwenye mstari kama wengine, nyuma ya mchungaji ambaye kwaya yake ilikatazwa kuimba. Mtu wa kipimajoto aliielekezea dirishani akasema haina homa. Mikono haikuwa nayo, kwa hiyo ilimwagiwa maji ya dawa kizingitini. Mzee mmoja mwenye magongo alipofika, nyumba ilisogea ikampisha kivulini, na watu wakasema imelelewa vizuri.

Angèle akaita.

"Nyumba ya Rwambuzi. Iko?"

Katika Kiswahili cha Bunia neno hilo moja linamtosha mtu, mbuzi, nyumba na Mwenyezi Mungu, na Angèle hakulisema kwa namna ya pekee. Nyumba ilitikisa mabati yake mara moja.

"Iko," alisema Angèle, akaendelea na kazi.

Ilionekana kwamba haiwezi kupita mlangoni. Wanasheria wengine wangeishia hapo. Théodore hakuwa wa namna hiyo. Alivaa joho lake vizuri, akaamuru meza itolewe nje, kesi ikasikilizwa uani, juani, na yeye mwenyewe bila kofia. Aliisogelea nyumba, akaisalimia, akaiuliza kama inaelewa kwa nini iko pale. Mabati yakatikisika. Alimwuliza Gustave dirishani kama anaendelea vizuri. Gustave akasema anaendelea vizuri, ni mikono tu inayomwasha kwa kukosa kazi ya maana. Faida aliposikia hivyo aliangalia chini.

Kisha Théodore akasoma tena amri, na hapo ndipo akavua miwani.

Amri ilifunga nyumba iliyoko Rwambuzi. Nyumba iliyokuwa mbele yake ilikuwa Shari. Alisema, na ilimtoka kwa shida, kwamba mbele ya sheria nyumba hii siyo ile, na kwa hiyo haina haki ya kulalamika.

Faida ndiye aliyesema.

"Kama hii haiko ile, mufungue mulango."

Théodore aliutazama mnyororo. Mnyororo, alieleza, ni mali ya Serikali, na muhuri ni ule ule. Kuufungua kunahitaji amri nyingine, na amri nyingine lazima itaje nyumba.

"Nitaandika nyumba gani, mama?"

"Basi irudi Rwambuzi?"

"Ikirudi, itakuwa yenyewe."

"Na ikiwa yenyewe kule, hapa nani atasema iko?"

Rais wa tribunali alifuta miwani kwa joho. "Njo hapo tumefika," alisema.

Kesi ikaahirishwa. Watu walipoondoka Théodore alizunguka nyuma ya nyumba, akaweka kiganja ukutani, akaiomba radhi. Mke wake mwenyewe alikuwa Butembo, barabara imefungwa, na hakuwa na wa kumwambia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mgeni alikuwa nyumba na mwenyeji alikuwa tribunali, na hakuna aliyepona.

Nyumba ilikuwa imechoka, ikabaki pale pale uani. Faida alihamishia meza yake ya samaki kando ya ghala, chini ya mabati yake mwenyewe, na wateja walimfuata. Kule Rwambuzi jirani alipanda maharage kwenye kiwanja kilichobaki, akatuma salamu kwamba yataiva kwa ajili ya wote. Delphin aliletewa kiti.

Jumatatu baada ya Jumatatu Angèle aliita, nyumba ikatikisa mabati, kesi ikaahirishwa. Wakati mwingine Faida aliona watu wengine wakishinda. Mchungaji alirudishiwa kwaya yake, kwa sharti iimbe bila kufungua sana midomo. Faida alimpongeza kwa moyo mweupe, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Delphin aliwahi kuwashauri, akiangalia pembeni kama mtu anayezungumza na kuku, kwamba ukuta wa udongo ni ukuta wa udongo. Jembe moja lingetosha. Mlango ungebaki na mnyororo wake, na yeye angebaki na mlango wake. Faida alimpelekea Gustave neno hilo dirishani. Gustave hakukasirika.

"Hii nyumba watu waliivunja mara mbili, Mama Claire. Mimi sitakuwa wa tatu."

Faida alimwelewa. Hakulitaja tena.

Basi walikaa hivi: jioni, samaki wakiisha kuuzwa, Faida alikwenda upande wa nyuma akaegemeza mgongo ukutani, na Gustave alikuja upande wa ndani akaketi chini. Walizungumza juu ya Claire, juu ya bei, juu ya nani amezaliwa. Ukuta ulikuwa unawasikiliza. Ulikuwa umekwisha kuvunjwa na kusimamishwa kwa mikono ya hao hao wawili, na ni vigumu kwa ukuta wa namna hiyo kuwa mgumu.

Gustave ndiye aliyeona kwanza. Upande wa ndani chokaa ilikuwa imevimba, na uvimbe ule ulikuwa na mabega. Kila jioni ulijitokeza zaidi, mpaka mgongo wa Faida ukawa umo chumbani, mweupe kwa chokaa, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Alipoondoka kwenda kulala kwa dada yake, ukuta ulirudi sawa.

Fundi ni fundi. Gustave alikuwa na kitenge alichomnunulia kabla ya mnyororo, cha rangi ya ndizi mbivu, akakikata kumshonea kabaya. Alichukua vipimo ukutani. Utepe ulipita kutoka bega hadi bega, na Faida upande wa pili alisema kuna kitu kinamtekenya. Wiki iliyofuata Gustave alipima tena, akaona amepungua. Hakumwambia. Alifumua mshono, akaingiza kitambaa ndani, akashona upya. Akapima tena, akapunguza tena. Kwa namna hiyo alijua yote ambayo Faida hakuyasema dirishani, na siku hizo alikula nusu ya chakula chake, ile nusu nyingine akakataa isipitishwe, akisema ameshiba, ili ibaki nje.

Kisha wakubwa wakatangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Kengele zililia, watu wakakumbatiana barabarani kama wendawazimu wenye akili. Faida alipopita sokoni alikumbatiwa na wauza mboga, na wauza mkaa, na mwanamke aliyewahi kugombana naye kwa ajili ya nafasi ya meza. Aliwashukuru wote. Mikono yote ya mji ule ilimshika siku hiyo isipokuwa ile aliyoitaka.

Kwa kuwa ugonjwa umekwisha, tribunali ilifungwa. Kesi zilizobaki zilihesabiwa kuwa zimeahirishwa mpaka itakapokaa tena, na haitakaa tena, maana hakuna ugonjwa. Théodore alikuja kuaga. Alimwambia Faida kwamba amejaribu kutafuta nani sasa ana mamlaka ya kufungua, na amri yenyewe ni nzuri, haina kosa, imeandikwa vizuri; kilichokosekana ni mtu wa kuipokea tena. Macho yake yalikuwa mekundu. Faida alimfungia samaki kwa ajili ya mke wake. Angèle naye alihama, akaenda kufundisha shule, ambako aliita majina ya watoto kwa sauti ile ile.

Delphin hakuondolewa. Waliomweka walikuwa wamekwenda zao.

Jioni moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha na udongo ulikuwa laini. Faida alimaliza samaki, akanawa mikono, akaenda nyuma ya nyumba. Aliegemea. Ukuta ulimpokea kama kawaida, ila safari hii ulikuwa mwembamba kuliko chapati. Ndani Gustave alikuwa amekata uzi wa mwisho. Alitandika kabaya juu ya mgongo ule mweupe, akalinyoosha mabegani, na likakaa sawasawa, bila mkunjo. Alisimama akilitazama. Kisha akaliondoa, akalikunja, akaweka kiganja chake pale lilipokuwa.

Kule nje Faida aliinua kichwa.

"Papa Claire," alisema, "mukono yako iko baridi."

Kule mbele Delphin aliyasikia maneno hayo. Aligeuza kiti chake vizuri, akauelekea mlango, akaukagua mnyororo, akaukagua muhuri. Vyote vilikuwa salama. Amri aliyopewa ilihusu mlango, na haikusema chochote juu ya ukuta.