Ngozi Isiyoletwa

Klara, mke wa Simeoni, alifika kibandani kwa Mzee Sudi Kitundu akiwa mikono mitupu, na kabla hajatoa salamu moyo wa mzee ulikwisha kuanza kumhukumu. Alikuwa ametoka bondeni, upande wa Nduguti, mwendo wa asubuhi nzima. Hakuna atembeaye mwendo huo kuja kusalimia tu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu ukae. Simeoni hajambo?"

"Hajambo. Amenituma." Hakukaa. "Yule ng'ombe wako mwekundu, mwenye baka pajani, amekufa juzi."

"Alhamdulillahi kwa kila hali," akasema Mzee Sudi kwa mazoea ya ulimi. "Ngozi yake umeitua wapi?"

"Hakuna ngozi, shemeji."

"Hakuna?"

"Bwana mifugo alikuja. Akasema ni kimeta. Akaagiza afukiwe mzima, na ngozi yake na pembe zake, asiguswe na kisu." Aliyasema haya akitazama chini. Alipoletewa uji aliukataa, akajitanda khanga yake vizuri na kurudi alikotoka.

Katika nchi ile ya Iramba mtu mwenye akili hakuwaweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki na mashemeji, ili maradhi yakizuka pahali pamoja yasimfilisi, na ili jicho la jirani lisipate kujua mali yake inaishia wapi. Aliyewekewa alikunywa maziwa, akapata samadi ya shamba lake, na akilea vema alipewa ndama. Baina ya mwenye mali na mlezi hapakuwa na karatasi wala shahidi. Palikuwa na ngozi. Ng'ombe akifa, mlezi mwenyewe aliibeba ngozi hiyo ikiwa na masikio yake, mwenye mali auone mkato wa ukoo wake, na roho za wote wawili zitulie. Kwa desturi hata nyama huletwa. Lakini Mzee Sudi, mtu wa sala tano, hali nyamafu. Kwa hiyo walipatana tangu siku ya kwanza kwamba nyama iliwe na watu wa Simeoni, ambao ni Wakristo na hawana kizuizi hicho, na yeye aletewe ngozi peke yake. Ngozi ndiyo iliyokuwa mkataba wao mzima.

Na sasa ameletewa maneno, tena na mwanamke asiyetaka kukaa.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka makazi yao ya zamani, kila mmoja kilimani kwake, wakapangwa kwenye mstari mmoja karibu na Kinyangiri, nyumba ikiitazama nyumba. Mtu aliyezoea kupika bila jirani kujua chunguni mna nini, sasa alipakua chakula mbele ya macho ya kijiji kizima. Mvua zilikuwa zimekatika mapema, na katika vilindo vya nafaka vya wengi mtama ulikuwa umebaki vumbi. Katika hali kama hiyo hata mtu mwema huanza kuchungulia.

Jirani wa Mzee Sudi, Gabrieli, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa ameyasikia yote akiwa kwake, kwa kuwa katika mstari ule hapakuwa na lisilosikika.

"Kimeta!" akasema, akija na kigoda chake. "Kimeta hicho kina meno, mzee, hata kikatafuna ngozi na masikio?"

"Wanasema bwana mifugo ameamuru."

"Bwana mifugo huyo huyo aliyetuambia huku kuna maji ya bomba? Haya." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Mimi sisemi kitu. Lakini mtu akitaka kula ng'ombe wa mwenziwe mwaka huu wa njaa, angetafuta neno gani zuri kuliko hilo? Maradhi yasiyoruhusu mtu kutazama!"

"Simeoni si mtu wa namna hiyo."

"Alikuwa si mtu wa namna hiyo alipokuwa ameshiba. Umemwona tangu aanze kulala na njaa?"

Shaka ni mgeni asiye na haya. Huingia ikiomba maji, na ikiisha kunywa huuliza ufunguo wa ghala uko wapi. Mzee Sudi alisali alasiri, akasahau rakaa, akasali upya. Alijua dini inamwonya juu ya kumdhania mtu ubaya. Alijua pia kwamba Simeoni hakuwa rafiki wa barabarani. Walikutana ujanani katika machimbo madogo ya dhahabu upande wa Sekenke, ambako kila jioni wachimbaji walivuliwa nguo langoni na kupekuliwa hadi katika nywele. Siku mnyapara alipomkaba Sudi koo kwa sababu ya chembe ya mchanga iliyong'aa sikioni mwake, Simeoni ndiye aliyetoka mstarini, uchi vile vile, akasema, "Huyo si mwizi. Namjua." Lakini nafsi ni mwanasheria hodari. Ilimnong'oneza mzee kwamba pale Sekenke Simeoni hakuwa na la kupoteza, na kwamba njaa haijui urafiki wa zamani.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri alishika fimbo akaenda bondeni.

Alimkuta Simeoni akikarabati miiba ya zizi. Walipeana mikono, na Mzee Sudi akahisi kwamba mkono wa mwenziwe umekuwa mwepesi kuachia.

"Nimekuja kumwona ng'ombe wangu."

"Amefukiwa, Sudi. Klara hakukwambia?"

"Aliniambia. Kwa nini hukuja mwenyewe?"

"Bwana mifugo amenikataza kutoka. Ameweka karantini. Mimi na kila chenye kwato hapa tusivuke korongo mpaka atakaporudi. Hata Klara nilimtuma kwa kuiba, maana niliona haya usikie habari mitaani."

"Umemtuma kwa kuiba," akarudia Mzee Sudi polepole, kana kwamba anaonja neno. "Haya. Nioneshe."

Simeoni alimpeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na tuta lililorundikiwa mawe na miiba, na majivu yamemwagwa juu yake.

"Ng'ombe mzima yumo humo?"

"Mzima."

"Mbona ni dogo? Mimi nimezika mbuzi katika shimo kubwa kuliko hili."

"Tulichimba kwenda chini, Sudi. Kilichotuchosha ni kina."

"Basi nipe jembe tuone hicho kina."

Simeoni hakusogea. "Jembe sikupi. Bwana mifugo alisema maradhi haya hayafi pamoja na mnyama. Hukaa ndani ya udongo miaka na miaka. Ukilifukua hili umeliua bonde." Kisha akaona jinsi rafiki yake anavyomtazama, na uso wake ukabadilika. "Sudi. Unaniona mimi nimekula ng'ombe wako?"

"Sijasema."

"Chagua mtamba wowote katika wangu. Yule mweusi, ndiye bora. Karantini ikiisha nitamleta mwenyewe hadi mlangoni kwako."

Lau Simeoni angekataa kutoa kitu, Mzee Sudi angesema kwamba mwizi ana choyo. Alipotoa, mzee alisema moyoni kwamba mwizi hulipa ili anyamazishe. Klara alipotoka na machozi, alisema machozi ni ya kukamatwa. Na asingelia, angesema ana moyo mkavu. Mtu aliyekwisha kutoa hukumu hana shida ya ushahidi. Kila kitu humfaa.

"Simtaki mweusi," akasema. "Nawataka wangu waliobaki. Leo."

"Hawatoki, shemeji!" Klara akaja akasimama mlangoni pa zizi, mikono ameitanua. "Ukiwapeleka kule mtawachanganya na wa kijiji kizima!"

"Nikiwaacha hapa mtawafukia mmoja mmoja."

Simeoni akamshika mkewe bega na kumwondoa taratibu.

"Mwache. Ng'ombe ni wake," akasema. "Mimi nimekwisha kusema, Sudi. Mungu amesikia, na wewe umesikia."

Mzee Sudi akawatoa ng'ombe wake. Hakuaga.

Njia nzima alijisifu. Alijiambia kwamba ameokoa mali yake, na kwamba mtu mzima hadanganywi kwa tuta la udongo. Hata hivyo alijikuta akiepuka kupita karibu na nyumba za watu, akikata porini, na kila alipoona baiskeli kwa mbali alisimamisha ng'ombe nyuma ya vichaka. Hakujiuliza ni kwa nini mwenye haki anajificha.

Kijiji kilikuwa kimeanza kuonekana, na watu walikuwa katika shamba la pamoja wakilima kwa mstari, ng'ombe jike mmoja aliposimama ghafla. Alitetemeka, akayumba kama mlevi, akaanguka ubavu. Puani mkachuruzika damu nyeusi, nzito, isiyoganda.

Kabla Mzee Sudi hajainama, kelele zikapanda kutoka shambani. Ng'ombe ameanguka! Watu wakatupa majembe, wakaja mbio. Waliokuwa na visu walivichomoa, waliokosa wakakimbilia nyumbani kuvitafuta, na wanawake wakafungua khanga za viunoni kuwa vibebeo. Wengi wao hawakuwa wameonja nyama tangu walipohamishwa. Anastazia, mjane mwenye watoto wadogo, alifika wa kwanza.

"Wahi, mzee, wahi! Bado anapumua!"

Walimsubiri yeye. Katika kijiji kile chenye Wakristo na Waislamu, Mzee Sudi ndiye aliyechinja kwa wote, kwenye harusi na kwenye misiba, ili kila mtu aweze kula na mwenziwe bila kuuliza. Kisu chake kilikuwa ruhusa. Akipitisha kisu sasa, nyama ile ni halali mbele ya kijiji chote. Akichelewa, Waislamu wenziwe wanaikosa.

Kisu alikuwa nacho mkononi. Kumbe hakukumbuka alikitoa saa ngapi.

"Piga bismillahi, mzee! Unangoja nini?" akasema Gabrieli, akitweta.

Mzee Sudi aliitazama damu ile. Nafsi yake, yule mwanasheria, haikukosa maneno hata pale: ni jua, ni safari ndefu, ni majani mabaya ya korongoni. Akitaka kuamini kwamba Simeoni ni mwizi, basi huyu ng'ombe ni mzima, na kisu kipite, na watoto wa Anastazia wale. Akikizuia kisu, basi Simeoni ni mkweli, na yeye Sudi ndiye aliyekileta kifo hiki mlangoni pa watu, kwa miguu yake mwenyewe, akijificha vichakani. Hapakuwa na njia ya tatu.

Akakirudisha kisu alani.

"Rudini nyuma," akasema. "Asimguse mtu. Ni kimeta."

Watu walimtazama, kisha wakatazamana.

"Kimeta?" akasema Gabrieli. "Jana hukukijua kimeta."

"Leo nakijua."

"Ahaa." Gabrieli akawageukia wenziwe. "Mmesikia? Sisi turudi nyuma, tukalale njaa. Yeye atamfukia, na kesho tutasikia harufu ya nyama kibandani kwake."

"Mzee wangu," Anastazia akamsihi, "kama unataka paja lako, chukua paja. Chukua mapaja yote. Nipe mimi hata utumbo."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Sudi kuliko matusi. Akasimama baina ya watu na mnyama.

"Nisikilizeni. Simeoni alinikanya. Alisema kuna karantini, nami nikamwita mwizi mbele ya mkewe, nikawatoa ng'ombe hawa kwa ukaidi wangu. Sikuacha kisu kwa choyo. Yeyote atakayekula nyama hii atakufa, na mimi ndiye niliyeileta."

Alidhani kukiri kutatosha, kwa kuwa kulimgharimu sana. Lakini wenye njaa hawakumwamini. Mmoja alisema mzee amerogwa. Mwingine, kwamba wamepanga na Simeoni. Wakabaki duara, visu mkononi, wakingojea achoke. Ng'ombe akakata roho mbele yao. Kwa Wakristo waliokuwapo kifo hicho hakikuwa kizuizi, na baadhi yao wakasogea hatua.

Nyumba mpya ya Mzee Sudi ilikuwa karibu, ya kwanza katika mstari, kuta zimesimama bila paa. Boriti za kuezekea zilikuwa zimelala kando yake, mbao ngumu alizozikata na kuzikokota mwenyewe kutoka porini. Akamwita Gabrieli kwa jina, kwa sauti ambayo watu hawakuizoea.

"Wewe ni mjumbe. Simama hapa, asipite mtu mpaka nirudi. Kama nadanganya, utajua sasa hivi."

Akaenda akarudi na boriti begani. Akaenda tena. Hakuna aliyemsaidia, lakini hakuna aliyesogea. Alipozipanga zote juu ya mzoga, na nyasi za paa juu yake, akawasha moto, na hapo minong'ono ikabadilika. Maana mtu anaweza kudanganya kwa ulimi na hata kwa machozi, lakini ni vigumu kuona maana ya mtu mzima kuchoma paa lake kwa ajili ya uongo, masika yakiwa mbele. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka. Anastazia aliondoka wa mwisho, akiifunga upya khanga tupu kiunoni.

"Na hawa wengine?" akauliza Gabrieli, akiwaonesha ng'ombe waliosalia, waliosimama mbali na moshi.

"Hawaingii kijijini. Wala mimi. Nitakaa nao hapa mpaka bwana mifugo aje. Chukua baiskeli umfuate. Ukimwona, pitia kwa Simeoni. Usivuke zizi lake. Simama nje umwambie, mkewe akisikia, kwamba Sudi amevunja karantini, na kwamba alilosema Simeoni ni kweli."

"Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na asiponiamini?"

Mzee Sudi aliutazama moto. "Atakuwa na haki yake," akasema.

Gabrieli akaitikia kwa kichwa, akaichukua baiskeli yake. Lakini kabla ya kuipanda aliuzunguka moto hadi upande wa pili, akainama akipepea moshi usoni, akahakikisha kwa macho yake mwenyewe kwamba hakuna paja lililofichwa majanini.