Picha ya Hildegarda Pale Mapokezi

Stoo ya mafagio, nyuma ya chumba cha kufulia, ndiyo ilikuwa redio ya Mikumi nzima, na mtangazaji wake alikuwa Hildegarda. Nani kamkimbia mumewe, lori gani limegonga pundamilia huko mbugani na nyama imeishia kwa nani, daktari yupi anakula hotelini kwa sababu kwake hakukaliki. Ukigeuza ndoo ukaikalia, ukashika kikombe chako cha chai ya rangi na kipande cha muhogo, ulitoka mle umeshiba na habari zimekujaa hadi shingoni. Wafanya usafi wote wa hospitali walijibana humo saa ya chai, na Hildegarda akiona pametulia kidogo tu, mwili ulikuwa unamuwasha.

Lakini kilichowajaza watu hasa ni vita yake na Tumwagile. Hildegarda ni Mngoni. Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge Kilosa, akazikwa hukohuko. Tumwagile ni Mhehe aliyeletwa Mikumi na ndoa. Sasa Mngoni na Mhehe ukiwafungia stoo moja, unategemea nini? Watani hao.

"We Mhehe, mbwa wa mlinzi simwoni leo. Umempika na ndizi au na viazi?"

"Nimemwachia mlinzi mkia. Na wewe panya wa wadi ya wanaume umewamaliza wote, ndiyo maana wagonjwa siku hizi wanalala."

Watu hoi. Mgeni angedhani wanachukiana. Kumbe mama yake Tumwagile alipofariki, Hildegarda alipanda basi mpaka Iringa, akaingia kaburini na khanga yake, akajilaza chali akisema Mhehe hazikwi hapa mpaka Mngoni apewe kiti na pombe. Wafiwa waliokuwa wanalia walijikuta wanacheka huku machozi yanatoka. Mtani ndiye huyo. Na jambo lililokushinda kusema kwa mdomo wako, unamtupia yeye. Yeye ndiye anayekwenda kulisema kwa wakubwa, kwa kelele zake zote, na hakuna wa kumkasirikia.

Jumatatu hiyo Tumwagile alikuwa anamwaga taka za wadi ya wazazi. Mfuko mweusi, wa taka za kawaida, maganda ya machungwa na makaratasi. Akaukamata chini ili usipasuke, na humo ndani mtu alikuwa ametupa sindano isiyokuwa na kifuniko. Ilipita kwenye glavu kama hakuna glavu. Akakimbilia bomba, akaosha kidole kwa sabuni, akakiacha kivuje damu.

Kila mfanya usafi alilijua somo la Sista Lucy, muuguzi wa kitengo cha vipimo: ukichomwa, njoo upesi, dawa ya kukukinga na virusi ipo, ila siku tatu zikikatika haifui dafu. Na kila mfanya usafi alimjua pia Naeku. Naeku alichomwa mwaka jana, akaripoti kwa Theodory, msimamizi wa kampuni iliyowaajiri. Dawa akapata, na kazi akapoteza. Uzembe, alisema Theodory. Kijana mdogo yule, anakuja na pikipiki yake kutoka ofisini Kilosa, hata shikamoo hawapi kina mama wenye umri wa mama yake. Na chochote kilichofika kwa wauguzi, kesho yake kilikuwa masikioni mwake.

Tumwagile alikuwa na mtoto mchanga wa kike, Doris, bado ananyonya. Mumewe, Cosmas, alikuwa amekwenda kwao Vidunda kulima, na mahindi ya mlimani hayaji mezani wiki hii wala ijayo. Kazi ile ndiyo ilikuwa sufuria ya nyumba. Basi akafanya alivyofundishwa na mila yao: akamtupia mtani.

Aliingia stoo kidole amekizungushia kitambaa. Mle ndani watu wamejaa, na kati yao wapo wenye midomo ya kufika Kilosa kabla ya pikipiki.

"Mngoni," akasema, "kachimbe kaburi. Sindano imenila." Akamtazama Hildegarda machoni, wala hakupepesa.

Hildegarda hakusubiri hata ameze mate. "Ikule wewe? Mhehe ana ngozi ya kiboko! Jamani, nendeni mkaiangalie hiyo sindano kama imepona!"

Stoo ikalipuka. Mmoja akapaliwa na muhogo mpaka akapigwa mgongoni. Tumwagile naye akacheka, kicheko cha meno tu. Hildegarda alikiona kile kicheko. Alikiona, akakiacha kipite, maana watu walikuwa bado wanacheka na yeye alikuwa na jingine tayari mdomoni.

Kesho yake Tumwagile alimvizia koridoni. Hildegarda alikuwa anadeki huku akiwapa wenzake wawili mkasa wa mchungaji na mwanakwaya.

"Mtani, lile jambo langu umelipeleka kwa Sista?"

"Lipi? La kaburi? Nimeshaagiza jembe, linakuja na treni!"

Wale wawili wakashikana mabega kwa kicheko. Tumwagile akachukua ndoo yake, akaondoka. Jumatano hakuja kwenye chai. Hildegarda akawaeleza wote kwamba Mhehe kanuna kwa ajili ya mbwa wa mlinzi, na kwamba kesho atambembeleza kwa keki. Kwa sababu kesho kulikuwa na keki.

Hospitali ilikuwa imepata mpango mpya, wa kuwajali wafanya usafi na kuwashirikisha. Wageni walitoka Morogoro na fulana za bluu zilizoandikwa mgongoni "Usafi ni Uhai". Kwa mara ya kwanza tangu hospitali ijengwe, wafanya usafi waliketishwa viti vya mbele, madaktari nyuma. Mapema asubuhi ya Alhamisi ukumbi ulikuwa umeshajaa, na Hildegarda alikuwa amepaka wanja.

"Leo ni siku yenu," alisema mgeni, mama mmoja wa miwani, sauti nzuri ya upole. "Sisi tumekuja kuwasikiliza. Semeni lolote, msiogope."

Theodory alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, anawahesabu kwa macho.

Tumwagile akasimama. Hakumtazama mgeni wala Theodory. Alimgeukia Hildegarda.

"Mimi nilichomwa sindano Jumatatu," akasema. "Mpaka leo mtani wangu hajanizika."

Ukumbi ukawa kama maji yaliyotuama. Watu wakasubiri. Tumwagile naye akasubiri, amesimama, mikono imening'inia. Alikuwa amefungua mlango na kazi ya Hildegarda ilikuwa kuingia, aseme kwa kelele zake zote, mheshimiwa, huyu Mhehe wangu anakufa mnamwangalia. Ndivyo watani wafanyavyo. Lakini Hildegarda alisikia kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa ule ukimya. Hajawahi kuuvumilia hata siku moja.

"Mheshimiwa, msimsikilize huyo!" akaruka. "Mhehe akikosa nyama ya mbwa siku tatu, lazima asingizie sindano!"

Oo, ukumbi! Madaktari waligonga viti. Mgeni alivua miwani akafuta macho. Theodory ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Furaha ya kazi ndiyo hii tunayoitafuta," akasema mgeni, "hebu tumpigie makofi huyu mama," na Hildegarda akainama kushoto na kulia kama bibi harusi. Alipoinuka, Tumwagile alikuwa ameshaketi.

Yakafuata mashairi, hotuba, picha za pamoja, soda, keki. Sista Lucy mwenyewe ndiye aliyekuwa anakata keki. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa Udzungwa Hildegarda alipotoka na vipande viwili kwenye karatasi, anamtafuta mtani wake.

Alimkuta nyuma ya chumba cha kufulia. Jirani alikuwa amemleta Doris getini kunyonya, kama kila siku. Mtoto alikuwa analia mpaka sauti imekauka, anakigonga kifua cha mama yake kwa kichwa. Fulana ya bluu ilikuwa imelowa maziwa mbele, madoa mawili makubwa. Na Tumwagile alikuwa amemshika mtoto mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"We, mnyonyeshe mtoto!" Hildegarda akasema. "Unamtesa kiumbe wa Mungu kwa ajili ya kununa?"

"Nimnyonyeshe nini?" Tumwagile akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. "Niambie wewe. Nimpe hiki nilichonacho?"

Akamwonyesha kidole. Kitobo kilikuwa kimeshajifunga, kidogo kama cha mwiba.

Keki ilianguka yenyewe.

Walimkuta Sista Lucy ananawa sukari mikononi. Hildegarda ndiye aliyesema, sasa ndiyo alisema, akipiga kelele mpaka wagonjwa wakatokeza madirishani. Sista aliuliza swali moja tu, lini.

"Jumatatu," akasema Tumwagile. "Kabla ya chai."

Sista akahesabu kwa vidole. "Mama Doris, zimekatika. Mngenijia asubuhi, wakati tunaingia ukumbini, ningekupa palepale."

"Aliwaambia," Hildegarda akasema. "Aliwaambia wote. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo," akasema Sista Lucy. "Nilicheka, dada. Kama wewe."

Alimpima siku hiyo, akawa hana kitu, na akamwambia ukweli kwamba wengi wanaochomwa hawaambukizwi, warudi baada ya wiki sita. Hildegarda alilishika hilo neno "wengi" akatembea nalo. Alikwenda misa za asubuhi. Alipeleka uji na maziwa ya kopo kwa Doris, ambaye alikuwa ameachishwa ziwa ghafla na kukonda shingo. Stooni watu walikaa juu ya ndoo zao wakitazamana, wakimsubiri aanze. Hakuanza. Siku chache tu, kila mtu akawa anakunywa chai yake peke yake, amesimama, popote alipokuwa anadeki.

Wiki sita zilipofika, Tumwagile hakuwa miongoni mwa wale wengi. Mtoto alikuwa salama. Hilo moja Mungu alilitenga.

Wakapanda basi wote wawili kwenda Kilosa kudai haki ya aliyeumia kazini, vumbi la barabara ya Masanze likawapaka sura moja, wakaketi kwenye benchi la ofisi ya kampuni, karibu na stesheni. Hildegarda alimweleza Theodory kwa heshima zote, akamwita bosi, akamwita mwanangu. Kijana akasikiliza mpaka mwisho.

"Wamama, kanuni inasema mtu aripoti ndani ya siku tatu. Huyu hakuripoti."

"Alisema ukumbini! Mbele yako!"

"Ukumbini mlifanya utani." Akamtazama Hildegarda, si kwa ubaya. "Si wewe mwenyewe ulisema anasingizia? Watu wote ni mashahidi."

Hildegarda alitafuta neno. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikaa pale mdomo wazi, na lililokuja ni lilelile moja, na alikuwa ameshalisema ukumbini. Mwezi uliofuata Tumwagile hakuwa kwenye orodha ya zamu. Naeku alifukuzwa kwa kuripoti, yeye kwa kutoripoti.

Kisha ikaja zawadi. Wale wageni wa Morogoro waliandika kwamba katika hospitali zote walizozitembelea hawakuona mfanyakazi anayewachangamsha wenzake kama yule mama Mngoni. Wakaleta chupa ya chai na picha kubwa kwenye fremu: Hildegarda ameinama, wanja machoni, amefungua mdomo wote, na chini yake maneno "Mfanyakazi Mchangamfu wa Mwaka". Aliwaomba wasiibandike. Wakadhani anaona aibu ya sifa, wakaipigilia pale mapokezi, juu ya benchi la wanaosubiri dawa.

Kwenye benchi hilo ndipo Tumwagile anapokaa kila mwezi, na Doris mgongoni. Hildegarda humkuta hapo na dekio lake.

"Habari za asubuhi," Hildegarda husema.

"Nzuri. Za kwako?"

Kama watu wasiojuana. Watu wa benchini huwatazama, maana nani Mikumi hajui vita ya hawa wawili.

Mara ya mwisho Tumwagile alimshika pindo la khanga. "Nitukane basi, mtani," akasema, chinichini. "Watu wanatuangalia. Watajua."

Hildegarda akajaribu. Mbwa wa mlinzi alikuwa amelala pale mlangoni, mzima, mnene, neno lenyewe limejileta. Alifungua mdomo sawasawa na ule wa kwenye picha. Tumwagile akasubiri, uso umeinuliwa, kama siku ile ukumbini.

Hakikutoka kitu. Hildegarda akachovya dekio kwenye ndoo, akalikamua, akaendelea kudeki kuizunguka miguu ya mtani wake.