Mbweha wa Rooty Hill

Mwaka ule wa 2021, lokdauni ya korona ilipobana Sydney magharibi, Australia, Sabri alibaki na sehemu mbili tu za kwenda: ghala la Smithfield alikofanya kazi, na banda la gari nyuma ya nyumba yake, Rooty Hill. Humo bandani ndimo alimojitengenezea risasi za kuwindia. Alisafisha maganda yaliyokwisha kupigwa, akayatia fataki mpya, akapima baruti kwa mizani ndogo hadi punje ya mwisho, kisha akakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Kila fungu alilibadilishia kipimo kidogo, akitafuta kile ambacho bunduki yake ingekipenda. Ila viwanja vya shabaha vilikuwa vimefungwa, basi risasi zikajaa makoponi bila kujaribiwa.

Jioni moja aliinua macho akamwona mbweha. Alikuwa ameketi mlangoni, mkia umemzunguka miguu, sikio la kushoto limekatika nusu. Sabri akapiga meza. Mbweha hakushtuka. Alitazama mizani, akamtazama Sabri, kisha akaondoka taratibu kama mgeni aliyekwisha kuaga.

Akawa anakuja kila jua likizama.

Wiki hiyohiyo Ruqayya, mke wa Sabri, alifiwa na mama yake huko Tanga. Mipaka ilikuwa imefungwa, hakuweza kwenda. Ruqayya alitazama maziko kwenye simu, picha ikikatikakatika. Siku iliyofuata alitoka na sahani ya mifupa ya kuku, akaiweka mlangoni mwa banda.

"Unamlisha mbweha?" Sabri akamuuliza.

"Kaja kunipa pole. Nani mwingine amekuja?"

Majirani wote walikuwa ndani. Kilichosikika mtaani ni helikopta ya polisi tu. Tangu hapo, akiwa kwenye baruti zake, alimsikia mkewe nje akizungumza na mnyama yule kwa sauti ya chini, akinyamaza mara kwa mara, kama mtu anayesikiliza majibu.

Novemba njia zilifunguliwa. Ephraim, Mrundi aliyefanya naye kazi ghalani, alijuana na mfugaji mmoja ng'ambo ya milima ambaye mbweha walikuwa wanammalizia wanakondoo. Sabri akaenda. Asubuhi alijaribu risasi zake kwenye karatasi hadi akapata kipimo kilichotoboa matundu yakigusana. Jioni alilala kifudifudi majanini, akapuliza filimbi inayolia kama sungura aliyeumia.

Mbweha mmoja akatokea ukingoni mwa malisho, akaja moja kwa moja bila hata kunusa upepo, akaketi. Mkia ukamzunguka miguu. Ndani ya darubini ya bunduki Sabri aliliona sikio la kushoto, lakini kidole kilikwisha kuvuta.

Alimkuta ameanguka palepale alipoketi. Akalishika lile sikio: kovu kuukuu, nusu haipo. Alijiambia mbweha hupigana, masikio hukatika, na Rooty Hill ni mbali sana na pale. Hata hivyo hakumtundika kwenye uzio wa malisho kama mfugaji alivyotaka. Alichimba shimo akamfukia.

Kesho yake alifika nyumbani jua likiwa chini. Ruqayya alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa banda na sahani yake.

"Jana hakuja," alisema. "Kaa nami kidogo."

Sabri akakaa. Alitaka kumwambia. Zaidi ya hilo, alitaka mnyama yule atokee, mzima, ili naye apumue.

"Huyo," Ruqayya akanong'ona, akatabasamu.

Sabri akatazama. Hapakuwa na kitu. Macho ya mkewe yalifuata kitu polepole kutoka uani hadi kwenye sahani, yakatulia hapo.

"Mbona leo anakutazama wewe tu?" akauliza. "Na huo udongo, kautoa wapi?"

Sabri akamweleza yote. Ruqayya alimsikiliza bila kulia, akaokota sahani, akaingia ndani, hakuitoa tena. Bunduki iliuzwa kabla ya mwezi kwisha. Wamebaki kuishi hapohapo, wanapendana, ila ikifika jioni Ruqayya huketi upande wa pili wa chumba, macho yakifuata kitu polepole, na Sabri hathubutu kumuuliza anatazama nini.