Jiwe la Kichwani kwa Nyakundi

Siku tingatinga lilipofika kwenye kaburi la baba mkwe wake, Nyakundi, Persis alikuwa amechutama mbele ya beseni la maji lililojaa ngome. Zilikuwa ngome za jiwe la sabuni, kila moja ikitosha kiganjani, zimechongwa kwa mfano wa ile ngome kongwe ya Mombasa, na mizinga yake midogo kama punje za mahindi. Kuchonga kulikuwa kazi ya wanaume. Wanawake wa kijiji cha Tabaka walipokea jiwe likiwa bado na makovu ya tupa, wakaliloweka, wakalipiga msasa mpaka likateleza, kisha wakalianika na kulipaka nta. Persis alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu aolewe, na siku ya kujiandikisha kupiga kura mashine ilikuwa imekataa vidole vyake kwa sababu havikuwa na alama yoyote.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kilima, na juu ya kilima palikuwa na ngome nyingine, ya kweli, ingawa hakuna aliyewahi kuichonga. Wazee waliiita orwaki. Ulikuwa ukuta wa mawe wa mviringo ambamo ukoo mzima ulijificha na ng'ombe wake enzi za uvamizi wa wezi wa mifugo. Ukuta wenyewe ulishakwenda. Ulisagwa ukawa kokoto ya barabara. Kilichobaki kilikuwa bango la kamati ya turathi lililosema kwamba mahali hapo panalindwa. Wanakamati walikuja mara moja, wakapigwa picha, wakala kuku wa Persis, wakarudi walikotoka. Wachimbaji nao walikuwa watu wa adabu. Walichimba pande zote za bango bila kuligusa, hata likabaki juu ya nguzo ya udongo, mahali ambapo ni kunguru tu angeweza kulisoma.

Kwa Wagusii mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba na mwanamke upande wa kushoto, na penye kaburi hapachimbwi. Hilo hata tajiri wa mawe aliyekodi kilima alilijua. Kwa hiyo dereva wa tingatinga alipoona udongo wa kaburi umebonyea alizima mashine, na naibu wa chifu, Onyancha, akaitwa. Onyancha alichungulia. Ndani hamkuwa na mifupa wala blanketi. Palikuwa pamefagiwa vizuri tu.

"Mama Ratemo," alisema, "kaburi bila mwenyewe ni shimo. Na mashimo hapa Tabaka hayajakatazwa."

"Mwenyewe atakuwa ametoka tu," Persis alisema.

"Basi arudi. Nikimkuta amelala hapa Jumatatu, tingatinga litazunguka mbali, na boma lako litaachwa. Nisipomkuta, hata nyumba yako imesimama juu ya jiwe. Wewe unajua."

Persis alijua. Hakuwa na shamba lingine, wala mahali pengine pa kuzikwa.

Ratemo, mwanawe wa pekee, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka vinyago Pwani, alikuwa akifunga katoni kwa gundi ya karatasi. "Lakini Sokoro si yuko Mombasa," alisema. Sokoro ni babu. "Mimi nilimwona nikipeleka mzigo. Yuko kwa ile ngome. Nilidhani mnajua."

Wakasafiri na katoni. Persis alifika Mombasa kwa mara ya kwanza maishani akiwa amevaa sweta, akaivua mlangoni mwa ngome na kuifunga kiunoni. Mtembezaji wageni, Bwana Stambuli, aliwauliza watokako, akatikisa kichwa kwa kuelewa.

"Watu wenu wako chumba cha mwisho, upande wa baharini. Wapole sana. Ila kila siku waniuliza kama hapa pachimbwa."

"Kwani hapachimbwi?" Persis aliuliza.

"Hapachimbwi, mama, pana sheria. Bahari ndiyo yala msingi kidogo kidogo. Lakini bahari haijasoma."

Walipofika kwenye hicho chumba, Persis alisimama nje na kuelekeza uso ukutani. Hii ndiyo chinsoni, heshima ya Wagusii: mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni, hamshiki mkono, haingii anapolala. Persis alikuwa ameiongezea chumvi. Alihesabu kaburi kuwa ni kitanda pia, na miaka yote alipopalilia migomba ya upande ule alipalilia amegeuza shingo. Wanawake wa kanisani walimsifu kwa hilo, naye alipenda kusifiwa. Mjukuu hana chinsoni na babu yake, wao ni watani, kwa hiyo Ratemo aliingia akicheka.

"Sokoro, umekonda!"

"Sijakonda, nimepungua," sauti ya Nyakundi ilijibu.

Ratemo alitoka akamweleza mama yake kwamba mzee ameketishwa kwenye kidirisha cha ukutani, ana kichwa na mabega tu. Miguu ilikuwa imenunuliwa na watalii wiki iliyopita. Mikono ilitangulia.

"Tata," Persis aliuambia ukuta kwa Kikisii, akimwita baba, "rudi nyumbani. Wanataka kuchimba boma."

"Mama Ratemo, sikuhama mimi. Nilisafirishwa. Jiwe la kichwani kwangu liling'olewa, likakatwa vipande, likatiwa katoni. Mtu hufuata jiwe lake. Lile la waridi, lenye mshipa mweupe."

Persis alilikumbuka jiwe la waridi. Lilikuwa laini kuliko yote yaliyopita mikononi mwake, na alilipiga msasa huku akiimba nyimbo za Sabato. Hakulitambua kwa sababu hakuwahi hata mara moja kulitazama likiwa mahali pake.

"Ni wewe uliyelilainisha?" Nyakundi aliuliza.

"Ni mimi, Tata."

"Nilijua. Halina mkwaruzo hata mmoja. Umefanya vizuri."

Hapo ndipo alipoumia. Angetukanwa angelia, yakaisha. Lakini baba mkwe alikuwa amemsifu kwa moyo safi.

"Mimi niliona limelala tu, na halina ufa, nikaling'oa," Ratemo alisema. "Ningejuaje?"

"Wewe ungejua," Nyakundi akamwambia. "Mama yako alikuwa na chinsoni. Wewe ulilikalia jiwe hilo ukitafuna miwa."

Ratemo alikwenda kwenye duka la ukumbusho lililo karibu na lango, akakuta ngome za waridi mbili tu zimebaki kwenye rafu, akazichukua tena, akazitia kwenye kikapu. Mzee naye akaingia, kichwa na mabega, akafunikwa kwa sweta ya Persis ili upepo wa njiani usimpige. Kikapu kilibebwa na Ratemo. Persis alitembea nyuma, akitazama pembeni.

Jumatatu Onyancha alichungulia tena kaburini, akavua kofia. "Omogaka, mzee wetu, habari ya siku nyingi." Walisalimiana kwa utaratibu, wakaulizana habari za mvua na majani chai. Kisha Onyancha akasogea kando na simu yake, akazungumza na mtu kwa muda, akarudi amekunja uso kwa huruma.

"Wamesema kichwa na mabega si mwenye kaburi. Ni sehemu ya mwenye kaburi. Miguu iko wapi?"

"Ng'ambo," Ratemo alisema.

"Na mikono?"

"Ng'ambo vilevile."

"Basi kaburi ni la huko ilikokwenda sehemu kubwa. Huko hawatachimba." Alivaa kofia. "Lakini sisi si wanyama. Nyumba itaachwa mpaka mwisho. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Tingatinga likawashwa. Upande wa kulia wa boma ulikwisha kabla mahindi hayajabeba. Nyakundi akakosa pa kukaa, na baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, kwa hiyo Persis alihamisha vyombo vyake jikoni, kibanda cha nyuma, ili nyumba isiwe yake tena. Mzee aliwekwa sebuleni, juu ya kabati, akitazama dirishani. Aliuliza kila asubuhi kama bango bado limesimama. Aliambiwa limesimama, na ilikuwa kweli.

Alasiri moja Ratemo alileta gunia la ngome mpya zilizotoka tu kwa wachongaji, akazimimina ndani ya beseni. Persis alichukua moja. Safari hii alilitazama jiwe kwanza, pande zote, kama mtu anayekagua kuku sokoni. Lilikuwa la kijivu, lenye madoa ya maziwa.

"Hili ni la wapi?"

Ratemo alijishughulisha na kamba ya gunia. "La kushoto kwa nyumba, mama. Wameshafika huko."

Persis aliligeuza tena. Kushoto ndiko angezikwa yeye, na mtu hana chinsoni na jiwe lake mwenyewe. Akaona ni jiwe zuri, gumu kidogo, litakalotaka msasa mwingi.

"Yanakwenda Mombasa?" aliuliza. "Pale kwa Stambuli?"

"Hapana. Hii oda ni ya ng'ambo moja kwa moja. Kule kwa theluji."

Persis alikausha mikono kwenye leso, akainuka, akaingia jikoni. Alitoka amevaa sweta, akaifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akachutama tena mbele ya beseni, akaanza kupiga msasa.