Mwezi Nyuma ya Tangi

Mimi mume wangu nilimfungia saumu yetu wake wa Kihindu, Karva Chauth, miaka mingi, tangu alfajiri bila tone la maji mpaka mwezi utoke, ili aishi sana. Na kweli anaishi sana. Yuko Moradabad na mke wa muuza betri. Kwa hiyo siku hiyo ikifika, wake za watu hapa Bareilly wakijipaka hina na kukausha koo kwa ajili ya wanaume wasiojua hata kukunja shati, mimi nakunywa chai yangu mapema na kukaa kuwatazama.

Mwaka mmoja akafunga hata Vasudha, binti wa kaka yangu, niliyemlea tangu mama yake afe. Arusi yake ilikuwa wiki inayofuata, hata mke hajawa, lakini huyo mchumba wake Tanmay alikuwa amemteka mpaka akili ikahama. Tanmay! Nywele mafuta, maneno mafuta. Alijidai injinia wa meli, yatima, ndugu yake pekee ni dada mjane aitwaye Kamini. Asubuhi ya saumu alikuja akachukua dhahabu yote ya marehemu mama yake Vasudha, eti akaisafishe kwa sonara rafiki yake. Kaka akampa, na asante juu.

"Kaka, unampa mtu mali na hata babu yake humjui?"

"Dada, wewe kila mwanaume unamwona mwizi."

"Si kila mmoja. Wengine ni wajinga."

Vasudha akanigeukia. "Shangazi, wewe uliachwa, basi unataka wote tuachwe."

Lilinichoma neno hilo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tanmay alipoondoka akaja Kamini, akashinda kwetu siku ile, kumliwaza wifi yake, alisema. Sari nyeupe, utosi mtupu bila poda nyekundu ya walioolewa, mjane wa kupigiwa mfano. Mapajani alipakata kopo la vitamu vya laddu, na hakumpa mtu hata moja. Nikamletea chai.

"Tumbo linanisumbua, shangazi."

Nikamletea maji.

"Nimetoka kunywa sasa hivi."

Mchana midomo ikamkauka, kisha kwikwi ikamkamata. Nikampa glasi ya maji. Akaisukuma na kuendelea na kwikwi yake, machozi yanamtoka. Nikamkodolea macho. Mjane anamfungia nani? Marehemu? Ili aishi zaidi ya hapo alipo?

Jioni Tanmay akarudi mikono mitupu, eti dhahabu itakuwa tayari kesho. Tukapanda wote darini, juu ya nyumba, kila mwanamke na chekeche lake la unga, maana mwezi unautazama kupitia chekeche, kisha unamtazama mume vivyo hivyo, naye anakunywesha maji. Majirani wakapiga kelele, "Umetoka! Umetoka!" Vasudha akageuka kumtafuta mtu wake, hayupo. Na Kamini hayupo.

Nikazunguka tangi la maji. Loo! Kamini kasimama na chekeche, tena la jikoni kwangu, hata hilo kaiba, anamtazama Tanmay kama mungu wake. Tanmay kashika kikombe.

"Fanya haraka ninywe, mume wangu," Kamini ananong'ona. "Treni haitatusubiri."

Ama kweli mapenzi ni kikohozi. Nikapaza sauti, "Vasu! Njoo uone mwezi wako, uko huku nyuma ya tangi!"

Wakaja wote, Vasudha mbele. Aliwatazama wale wawili, kisha lile chekeche. Hakuna mwanamke wa kwetu anayehitaji kuelezwa jambo hilo.

"Vasu mpenzi," Tanmay akaanza, "huyu si mtu wangu. Ni kichaa, ananifuata tu. Mimi hata simjui vizuri!"

"Hunijui?" Kamini akauliza. Sauti ilikuwa imekauka kama koo lake. "Tangu alfajiri sijameza mate kwa ajili yako, na hunijui?"

Kamini akampokonya kikombe, akanywa mwenyewe, wala hakumtazama kwa chekeche wala kwa jicho. "Haya, sasa ufe siku yoyote unayotaka. Dhahabu iko kwenye kopo, chini ya laddu. Iteni polisi."

Kisha akamsogezea Vasudha kikombe. "Kunywa, mdogo wangu. Huyu si wa kufa kiu kwa ajili yake."

Vasudha akanywa yaliyobaki.

Polisi waliwachukua wote wawili, na kaka akakesha akiikumbatia dhahabu yake. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia Vasudha, matamu kwelikweli, niliyoyaweka akiba miaka. Nikamkuta jikoni na lile chekeche, anachekecha unga wa chapati.

"Nina njaa, shangazi," akasema, huku machozi yanadondokea unga, na hakuwa akililia dhahabu.

Maneno yangu nikayameza yote. Nikawasha jiko, nikamkandia unga.