Honi Mbili

Tangu kiharusi kimnyang'anye mama sauti, nyumba ile ilibaki na watu wawili wasiosemezana na mmoja aliyesema kwa niaba ya wote. Huyo mmoja alikuwa Kitinda, mziwanda wao, mwenye miaka ishirini na sita na kazi ya kupanga safari za malori ya saruji kwenye bohari moja. Kutwa aliwaambia madereva waanzie wapi na waishie wapi. Jioni akirudi nyumbani alikuta safari moja tu iliyomshinda, ile ya kutoka kiti cha baba hadi kiti cha mama. Ilikuwa hatua nne, na hakuna aliyezipiga.

Mama alikuwa akiandika. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, lakini wa kushoto ulijifunza upya kama mtoto wa chekechea, kwa herufi kubwa zilizopinda, ndani ya daftari la mistari lisilombanduka mapajani. Aliandika MAJI, akampa baba. Baba alilitazama daftari, akaguna, akaenda kumletea shuka. Aliandika DIRISHA, baba akamwashia redio. Mwanzoni watu walicheka. Upepo, fundi wa matairi na rafiki wa baba tangu ujana, alisema, "Gia, miaka thelathini na tano mkeo anakuamrisha kwa mdomo. Leo amri zimekuja kwa maandishi, unajitia hukwenda shule."

Baba, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Gia, alicheka naye. Mama hakucheka. Siku zilivyosonga aliacha kumpa mumewe daftari, akawa anampa Kitinda tu. Na baba hakumuuliza mama chochote. Hakuuliza kama ana njaa, wala kama amelala vizuri. Alimsalimu asubuhi kama mtu anavyomsalimu jirani juu ya ua, kisha akatoka kwenda kukaa garini, gari likiwa limezimwa.

Kitinda aliamini kwamba baba amemchoka mgonjwa wake. Imani hiyo ilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Ndipo akapata wazo la Machimboni.

Machimboni palikuwa zamani mahali pa kuchimba mawe. Mawe yalipokwisha, mwenye ardhi aliacha maji ya mvua yafanye matope, akachonga njia kwenye kuta za machimbo, akaweka lango na kibanda cha mlinzi. Watu wenye magari marefu ya kwenda porini walikuja kujipima. Kulikuwa na njia iliyoitwa Tumbo, ya matope hadi magotini, na nyingine iliyoitwa Ngazi, vidato vya mawe, kulia ukuta, kushoto shimo. Kila mwaka kundi la magari sita lilikwenda huko siku nzima. Mama ndiye aliyepanga, baba ndiye aliyeongoza, naye mama alikaa kando yake dirisha likiwa wazi, akitafuna karanga na kunong'ona. Watu walisema wale wawili hata mwambani wanapiga umbea.

Kwenye kona ambazo gari la nyuma halilioni la mbele, walitumia honi. Honi moja, njia safi, njoo. Honi mbili, hapana, baki ulipo. Watoto wa nyumba ile walijua honi kabla hawajajua kuhesabu. Ukichungulia jikoni kuuliza kama chakula kimeiva, mama aligonga sufuria kwa mwiko: mara moja, njooni, mara mbili, rudini mlikotoka.

"Nimepanga siku ya Machimboni," Kitinda alisema jioni moja wakinywa chai. "Jumamosi ya wiki ijayo. Baba ataongoza, mama atakaa pale pale pake. Kama zamani."

Kikombe cha mama kiliinuka, kikashuka mezani kwa kishindo, kikainuka na kushuka tena. Chai ikamwagika hadi kwenye mkeka.

"Unaona," baba alisema haraka. "Mama yako amefurahi mpaka mkono unamcheza."

Kitinda alifuta chai. Mama alichukua kalamu akaandika HAPANA.

"Mama, usione haya," Kitinda alimwambia, akamshika ule mkono uliokufa. "Ni watu wetu wale. Hakuna atakayekutazama mdomo."

Mama alimtazama muda mrefu, kalamu ikielea juu ya karatasi. Kisha akalifunga daftari.

Wiki hiyo Kitinda alibandika karatasi ya manila ukutani sebuleni, akapanga kama anavyopanga malori. Langoni saa mbili asubuhi. Kupunguza upepo wa matairi hapo hapo, ili yatambae badala ya kudunda. Tumbo kabla ya jua kali. Chakula saa sita. Ngazi saa nane, gari moja moja. Gari la kwanza, Gia. La mwisho, Upepo, mwenye kamba nene ya kuvutia, koleo na sanduku la dawa. Alikwenda Machimboni peke yake Jumatano baada ya kazi kuikagua njia, akakuta mvua zimekibomoa kidato cha tatu cha Ngazi. Sasa palitakiwa kukata kushoto, karibu na shimo, mapema kuliko ilivyozoeleka. Alikitia kidato hicho duara jekundu kwenye manila.

"Umeona duara hili, baba?"

Baba alisogea ukutani, akasimama upande upande, kichwa akakiinamisha kama kuku anayetazama punje. "Nimeliona. Zuri."

"Si zuri, baba. Ni hatari."

"Ndivyo ninavyosema. Umelichora vizuri."

Siku moja kabla ya safari kulikuwa na desturi ya mazoezi uani. Mapipa matupu yalipangwa kama kuta za njia, dereva akapita katikati akifuata mikono ya mwelekezi anayetembea kinyumenyume mbele ya gari. Mwelekezi ni mmoja na hasemi kitu. Mlio wa injini humeza maneno, na dereva anayesikia nusu ya neno ni mbaya kuliko asiyesikia kabisa. Mkono ukielekea kushoto, kata kushoto. Ngumi mbili juu, simama. Miaka yote mwelekezi alikuwa Upepo, lakini goti lake lilikuwa limevimba, kwa hiyo kazi ilimwangukia Kitinda.

Alimtoa mama na kiti chake, akamweka barazani, kando ya reli ya chuma, apate kuona. Alimwekea kikombe cha bati cha maji. Upepo alikaa juu ya tairi kuukuu, mguu kaunyoosha.

"Shemeji, leo unatazama tu, huna wa kumnong'oneza," Upepo alimtania mama. "Tutajua nani alikuwa anaendesha."

Mama alimgeuzia uso ambao Upepo hakuupenda. Fundi akainamia goti lake.

Baba aliingiza gari kati ya mapipa peke yake. Pipa la kwanza na la pili aliyapita bila kugusa, kwa ulaini wa mtu anayeijua ngoma. Lakini Kitinda alikuwa amelisogeza la tatu asubuhi ile ili lifanane na kidato kilichobomoka, na hakumwambia mtu. Alinyoosha mkono kushoto. Gari lilikwenda moja kwa moja. Pipa likaanguka, likabiringika hadi kwenye ua.

"Anakutania huyo," Upepo alisema akicheka.

Kitinda aliinua ngumi mbili. Gari liliendelea kuja, polepole, likiguna. Aliziinua juu zaidi. Uso wa baba nyuma ya kioo ulikuwa mtulivu, na macho yake yalitazama mahali fulani kando ya sikio la bintiye. Kitinda alirudi nyuma hadi kisigino kikagonga kidato cha baraza, akaruka pembeni. Angepaswa kupiga kelele. Lakini mwelekezi hasemi. Sheria ile, aliyofundishwa na baba huyo huyo, ilimkaba koo. Nyuma yake hapakuwa na kitu tena isipokuwa kiti cha mama.

Ngo. Ngo.

Gari lilisimama kama lililopigiliwa misumari. Mama alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa mkono wa kushoto, maji yamemlowanisha kifua, na reli ya chuma ilikuwa bado inalia. Kati ya bampa na magoti yake palikuwa na shibiri mbili.

Upepo alikuwa amesimama, goti lake kalisahau.

Kitinda alikwenda dirishani kwa dereva. "Baba, mikono yangu iko wapi?"

"Usinichezee, mwanangu."

"Iko wapi?"

"Umeiinua. Ngumi mbili."

Mikono ya Kitinda ilikuwa ndani ya mifuko ya suruali. Alimwacha baba yake akae na lile jibu. Kisha akanyoosha mkono ndani, akazima injini.

"Tangu lini?"

Baba alishika usukani kwa mikono miwili kama bado yuko njiani. "Mwaka juzi. Katikati pameziba. Pembeni naona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Daktari alisema haparudi." "Mama yako akawa ananiambia. Jiwe kushoto. Mkono wa Upepo kulia. Simama. Hatukumdhuru mtu."

"Na daftari lake?"

"Naona karatasi nyeupe."

Kitinda alifumba macho. Miezi minne tangu kiharusi. MAJI, DIRISHA, NIGEUZE, NINAUMWA. Mmoja alikuwa akiandika kwa mkono wake mmoja uliosalia, mwingine akipokea karatasi nyeupe, na yeye katikati akiwahukumu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakusema maradhi hayo humla nani kwanza.

"Nipe siku hiyo moja," baba alisema kwa sauti ya chini. "Wewe kaa kiti chake. Niambie, nami nitafuata. Ngazi naijua kwa masikio na makalio. Moja tu, kisha funguo nakupa. Sitaki watu hawa wanikumbuke nikiongozwa kwa mkono kama mbuzi wa mnadani."

Na Kitinda alitamani kukubali. Hilo lazima lisemwe. Aliona kidato cha tatu chenye duara jekundu, akajiona kando ya baba akisema kushoto, sasa, kushoto, na baba akicheka juu kileleni kama zamani. Halafu aliona kwamba leo, kwenye uwanja mkavu, yeye mwenye macho mawili mazima, neno moja lilikuwa limemkwama kooni huku gari likimwendea mama yake.

"Mama alishasema," alimjibu. "Siku ile mezani. Kikombe mara mbili. Mimi nikafuta chai."

"Nilisikia."

"Ulisema amefurahi."

"Ndiyo. Nilisema hivyo."

"Miezi minne, baba. Kugonga angeweza, na wewe kusikia unasikia. Hukumuuliza hata kama ana kiu."

Baba alichomoa funguo, akazitia mfukoni, akateremka garini. Alishika mlango, akashika boneti, akafuata ubavu wa gari kwa kiganja kama mtu anayemtuliza mnyama. "Ningemuuliza la kiu, angenijibu. Na akishaanza kunijibu, ningeuliza la pili, na la tatu. Nilijua tutafika kwenye hili. Kwa hiyo sikuanza."

Upepo alikohoa, akaenda kuliokota pipa lililoanguka. Alichukua muda mrefu kuliko pipa lilivyohitaji.

"Muulize sasa," Kitinda alisema. "Kesho watu kumi na wawili watakuwa nyuma yako. Mimi sitakuzuia. Muulize yeye."

Baba alisimama mbele ya baraza. Alijipangusa mikono kwenye shati, akainua uso kuelekea mahali alipodhani uso wa mkewe upo. Alikosea kidogo. Mama alijisogeza kitini, kwa shida, hadi akawa pale alipotazamwa.

"Mama watoto," baba alisema. "Kesho niongoze?"

Mama alikuwa analia upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unajua kulia. Aliinua kikombe.

Ngo.

Baba alitabasamu. Kitinda hakuwahi kuliona tabasamu lile tangu kiharusi kiingie nyumbani, akalitazama kwa hofu, kwa sababu kikombe kilikuwa bado hewani.

Ngo.

Baba aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama dereva aliyekuwa kwenye kona na amesikia vizuri. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya reli. Reli ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka. Zilianguka vumbini, na kwa muda hakuna aliyeinama kuziokota.

Ndani, kwenye manila, palikuwa na jina moja la kufuta na jingine la kuandika. Kitinda alijua kwamba angeandika lake, na kwamba baba angesema hawezi kuja, na kwamba mama asingekwenda bila yeye. Siku aliyoipanga kwa ajili ya watu wawili ingeenda bila hao wawili.

"Una kiu?" baba aliuliza.

Ngo.

Alisubiri. Alisubiri muda mrefu, kichwa kimeinama, mpaka akawa na hakika kwamba ya pili haiji. Kisha akapanda baraza akageukia jikoni kufuata maji, mkono mmoja ukipapasa ukuta mbele ya watu wote.