Sauti ya Chungu Chenye Ufa

Miaka sita Angetile alikuwa Ulaya, na siku aliyorudi Matema, kando ya Ziwa Nyasa, hakupewa hata nafasi ya kupumzika. Mama yake, mfinyanzi asiyejua kubembeleza, alimkalisha kando ya vyungu vya kupeleka sokoni Lyulilo.

"Haya, nieleze. Huko unafanya kazi gani hasa?"

"Tunachunguza namna nyota zinavyopika vitu, mama. Chuma, shaba, hata huu udongo wako. Tunajaza gesi ya heliamu kwenye sanduku, halafu tunarusha chembe ndogo mno ndani yake. Chembe ikiigonga heliamu, gesi hiyohiyo inatuonyesha ilipogongwa na kilichozaliwa hapo."

"Kumbe anayegongwa ndiye shahidi."

Angetile alicheka. Wenzake waliandika kurasa kumi kusema hilo.

"Na zinagongana sana?"

"Mara chache mno. Mabilioni yanapita bila kugusana. Mimi nakaa peke yangu mbele ya kompyuta, nasubiri."

"Ukitoka hapo unakula na nani?"

"Mimi sijambo, mama. Sina shida yoyote," alijibu upesi, macho yake ziwani.

Mama alirudi kwenye vyungu vyake. Aligonga chungu kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri, akakiweka upande wa kuuza. Akagonga kingine, kikatoa sauti nzito iliyokufa.

"Hiki kina ufa," akasema, ingawa kwa macho kilikuwa kizima. Akakitenga.

Kisha akanyoosha mkono, akamgonga binti yake mgongoni, polepole, akatega sikio.

"Na hiki pia."